Nairobi ya 1925 Ndani ya Boksi la Wamarekani

KUI: Karibuni tena mezani. Mimi ni Kui, na mwenzangu Baraka bado anatafuta mahali pa kuweka kikombe kwa sababu meza imejaa makaratasi.

BARAKA: Si makaratasi, ni ushahidi. Hamjambo wasikilizaji?

KUI: Leo tunafukua nyongeza za zamani. Kwa wale wageni: mchezo wa kuigiza mezani unakuja na kitabu cha sheria, halafu mwenye mchezo anaanza kukuuzia vitabu vingine juu yake. Dungeons & Dragons ilitoka 1974, na kufika 1975 tayari kulikuwa na nyongeza ya kwanza, Greyhawk.

BARAKA: Na hiyo ndiyo iliyomleta mwizi. Mwaka mzima watu wanacheza mchezo wa kuiba hazina za chini ya ardhi, na mwizi hayumo kwenye orodha ya wahusika!

KUI: Alipitia mlango wa nyuma, kama kawaida yake. Pia kabla ya Greyhawk silaha zote zilikuwa na dadu moja ya pande sita. Kisu cha mboga na shoka, maumivu ni yale yale. Lakini hapo tusikae, kwa sababu Baraka ana lake.

BARAKA: Nina langu, ndiyo. Mnajua kile kitabu cha miungu, Deities & Demigods, cha 1980? Kina miungu ya Wafini, ya Sumeri, ya Wajapani, ya Misri. Ukitoka Misri kuteremka kusini, kimya. Ngai hakualikwa. Kwa hivyo niliposikia kwamba kuna nyongeza ya 1984 yenye kijitabu kizima cha Kenya, nilikaa chini kwanza.

KUI: Masks of Nyarlathotep. Na kama hujaicheza na unapanga kuicheza, zima sasa, tutaharibu kila kitu.

BARAKA: Ni ya Chaosium, imeandikwa na Larry DiTillio pamoja na Lynn Willis, ya kuchezea kwenye Call of Cthulhu, mchezo wa wapelelezi na mambo ya kutisha. Jina hilo kila mtu analitamka apendavyo, mama yangu anaita "Kithulu". Boksi lile la kwanza nimelishika mara moja tu, kwa jamaa aliyerudi nalo kutoka ng'ambo. Kijitabu cha New York, cha London, cha Cairo, cha Kenya, cha Shanghai. Sisi tulichezea faili la toleo la 2018, mimi nikiwa msimulizi, Kui na wenzake wakiwa wachezaji.

KUI: Kisa chenyewe: msafara wa tajiri kijana wa New York unapotelea Kenya mwaka 1919. Nyinyi ni wapelelezi, ni 1925, na rafiki yenu mwandishi ameuawa hotelini. Mnaanza kufuata nyayo.

BARAKA: Na huku akili inapungua. Una alama za utimamu wako, na kila ukiona lisiloonekana unarusha dadu za asilimia, ukikosa unakatwa. Hakuna kupona haraka.

KUI: Sasa waeleze ulichofanya jikoni.

BARAKA: Aa, hiyo! Ubora wa nyongeza hii ni zile karatasi za kugawa. Barua, vipande vya magazeti, kadi, vitu ambavyo mchezaji anashika mkononi badala ya kusimuliwa. Nikachapisha saiba, nikapika strungi nzito, majani vijiko vinne, nikamwaga kwenye sinia nikalaza karatasi humo. Dakika tano, unageuza. Nikaanika juu ya mlango wa friji kwa vibanio. Zikakauka zimekunjamana kwenye kona, rangi ya hudhurungi, na bado zinanuka tangawizi.

KUI: Nani anaweka tangawizi kwenye karatasi?

BARAKA: Ilikuwa imebaki kwenye sufuria! Ngoja lakini. Kuna kipande kimoja cha gazeti kinachosema kwamba msafara ule uliuawa na wenyeji, wakashtakiwa, wakanyongwa. Kesi imekwisha. Mwandishi wa mchezo ametega hapo. Unatakiwa uhangaike, usome faili, uhoji maafisa, ndipo polepole ushuku kwamba walionyongwa hawakuwa na hatia.

KUI: Nikasoma kwa sauti, nikaweka chini. Nikasema, "Huu ni uongo wa mkoloni. Tuendelee."

BARAKA: Sekunde tatu! Na wengine wote wanatikisa kichwa, hakuna hata mmoja aliyegusa dadu. Kazi yangu ya wiki mbili!

KUI: Ulitarajia nini, Baraka? Umewaketisha watu watano wa Nairobi, unawapa gazeti la walowezi linalosema wenyeji ndio wauaji. Ni miaka michache tu baada ya kesi hiyo ya kwenye kitabu ndipo umati ulipigwa risasi hapa mjini kwa sababu ya kukamatwa kwa Harry Thuku, mpinga ukoloni, Machi 1922. Sisi tumesoma hiyo darasa la sita.

BARAKA: Nilikasirika usiku huo, sitaficha. Nilidhani nyongeza imekufa mikononi mwangu. Lakini wiki iliyofuata mkaja na swali lingine kabisa. Hamkuuliza nani aliua. Mliuliza nani alinufaika kwa kesi kuisha haraka, karani gani aliandika, nani alitafsiri ushahidi mahakamani. Hayo hayamo kitabuni. Nililazimika kumbuni mkalimani papo hapo.

KUI: Na huyo mkalimani ndiye mhusika bora wa mkasa mzima, pole kwa akina DiTillio. Kwa sababu Nairobi yao, niseme ukweli, ni ya kupitia. Unashuka treni, unanunua vifaa, unapata kiongozi wa njia, unaelekea mlimani kwa waabudu wa Nyarlathotep, yule mungu mwovu wa kwenye jina. Mji wenyewe hauna harufu.

BARAKA: Hapo nakupinga kidogo. Wamemweka Johnstone Kenyatta, yaani Jomo kabla hajaitwa Jomo.

KUI: Wamemweka, ndiyo, na nilicheka sana. Lakini kwenye kitabu yuko pale kukuunganisha na mganga mwema. Katika maisha yake halisi miaka hiyo alikuwa ameajiriwa na manispaa, idara ya maji, anasoma mita, na ana duka lake Dagoretti. Mtu anayeingia kila ua la mji huu na daftari mkononi! Unamhitaji mpelelezi gani mwingine?

BARAKA: Ndiyo maana kwetu nilimpa baiskeli na daftari. Alibisha mlango wenu akasema bili imepita kiasi.

KUI: Na kile kikopo cha kipande, kitambulisho ambacho mkoloni aliwavisha Waafrika, ulichotengeneza kwa mkebe wa dagaa, ukamwambia mchezaji wetu avae shingoni la sivyo mhusika wake asipande treni?

BARAKA: Alikataa. Alikitazama muda mrefu, akakisukuma pembeni. Hatukurusha dadu hapo.

KUI: Mhusika wake akabaki Pumwani mpaka mwisho wa sura. Ilikuwa sawa. Ila bado sijakusamehe jina la yule kuhani mkuu wa waabudu.

BARAKA: Mimi sikuandika!

KUI: M'Weru. Na kiapostrofi. Mimi nina shangazi anaitwa Mweru, anafuga kuku, hana neno na mtu. Hicho kiapostrofi Wameru wanacho kweli, lakini kinakaa kwenye majina ya wazee wa kiume. Mtu aliona kinapendeza, akabandika.

BARAKA: Kwetu tulikiondoa, akatisha zaidi. Kuhani mwenye jina la shangazi yako.

KUI: Kabla hatujaenda, kiberiti.

BARAKA: Usiseme.

KUI: Kidokezo cha kuwapeleka wapelelezi Shanghai ni kiberiti cha baa moja ya huko. Baraka akabandika lebo nzuri juu ya kiberiti cha dukani, njiti zikiwa ndani, akakiweka mezani bila kusema kitu. Hatujakichunguza, stima zikapotea. Giza tupu. Mimi nikapapasa, nikawasha mshumaa, nikaenda kuwasha na gesi tupate chai, nikakiacha juu ya meko.

BARAKA: Kikashika moto. Njia yote ya kwenda China, puu!

KUI: Tuko Mombasa tangu Februari, tunangoja meli ambayo hatujui inakwenda wapi.

BARAKA: Jumamosi saa nane, kwangu. Na safari hii chai napika mimi.