Jinsi ya Kupima Nguvu ya Mkono wa Kwotabeki Chipukizi Kabla ya Drafti

Karibu, mtazamaji. Kila inapokaribia drafti ya NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, timu zinapojiandaa kuteua vijana kutoka vyuo vikuu vya Marekani, mashabiki wa mchezo huo huanza kuvutana juu ya kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi: je, mkono wenye nguvu una uzito gani katika kumchagua? Katika video hii nitakuonyesha namna ya kulichunguza swali hilo wewe mwenyewe, ukiwa na karatasi, kalamu na saa ya kupimia sekunde. Msimamo wangu nautaja mapema. Kipo kiwango cha chini ambacho asiyekifikia hawezi kudumu katika ligi hiyo, lakini nguvu inayozidi kiwango hicho huleta faida ndogo kuliko inavyosifiwa.

Hatua ya kwanza ni kuweka kando picha za majaribio ya kabla ya drafti yanayofanyika Indianapolis, ambako vijana hurusha mpira bila mlinzi wala mtu wa kuwakimbiza, kisha utafute mechi nzima za chuo, hasa zile ambazo timu yake ilishindwa. Mwaka 2007 timu ya Oakland Raiders ilimteua JaMarcus Russell, kwotabeki wa chuo kikuu cha LSU, kuwa wa kwanza katika drafti nzima, na hakuna aliyeutilia shaka mkono wake. Alianza mechi 25, akapoteza 18, na mwaka 2010 akaachwa.

Hatua ya pili ndiyo kiini cha somo, kwa hiyo tutakaa nayo zaidi. Usihangaike na mpira mrefu unaorushwa juu kabisa, kwa maana huo hupendeza macho na hutokea mara chache. Tafuta pasi ambayo mpokeaji hukimbia mbele takribani yadi 12, halafu anakata ghafla kuelekea mstari wa pembeni, ilhali mpira umeanzia upande wa pili wa uwanja. Uwanja una upana wa futi 160. Katika vyuo, alama zinazoonyesha mahali pa kuanzia mpira ziko futi 60 kutoka kila mstari wa pembeni, na katika NFL ziko futi 70 na inchi 9. Maana yake ni kwamba kijana anayerusha kutoka alama za kushoto kwenda ukingo wa kulia huvuka futi 100 akiwa chuoni, lakini takribani futi 89 akiwa kwenye ligi ya kulipwa. Kwa pasi hii, basi, mtihani wa chuo ni mgumu zaidi, jambo ambalo wabishani wengi hulisahau.

Sitisha video hapa tufanye hesabu. Katika NFL, ukijumlisha yadi alizorudi nyuma kwotabeki na zile alizokimbia mpokeaji, mpira huo husafiri kama mita 32. Tukiacha kando upinzani wa hewa, mpira wa mita 22 kwa sekunde utafika baada ya sekunde 1.45, na ule wa mita 26 kwa sekunde utafika baada ya sekunde 1.23. Tofauti ni sehemu ya tano hivi ya sekunde, na ndani ya muda huo mlinzi anayekimbia mita 8 kwa sekunde anasogea karibu mita mbili, umbali unaotosha kabisa kuuiba mpira. Hapo wanaotetea mkono wana haki.

Hata hivyo, muda huohuo unaweza kupatikana kwa njia nyingine, nayo ndiyo hatua ya tatu. Rudisha picha nyuma, upunguze kasi, uangalie mpira unaondoka mkononi wakati gani: kabla mpokeaji hajakata, anapokata, au baada ya kugeuka na kuonekana wazi? Anayerusha mapema kwa sehemu ya tano ya sekunde amefidia upungufu wote tuliouhesabu. Tom Brady, mmoja wa makwotabeki waliofanikiwa zaidi katika NFL, aliteuliwa wa 199 mwaka 2000, na maskauti, yaani wasaka vipaji wa timu, walikuwa wameandika kwamba mkono wake hauna nguvu kubwa. Kwotabeki mwenzake Drew Brees aliumia vibaya bega la kurushia mwishoni mwa mwaka 2005, akahamia New Orleans Saints mwaka 2006, na Februari 2010 akatwaa Super Bowl, fainali ya ligi hiyo. Wote wawili waliishi kwa kurusha kabla mpokeaji hajawa wazi.

Hatua ya nne ni fupi: tazama miguu. Nguvu hutoka ardhini, ikapita kiunoni na kifuani kabla ya kufika begani, kwa hiyo andika pembeni pasi zote alizorusha huku miguu haijakaa sawa. Kwotabeki Patrick Mahomes alionyesha tangu akiwa chuo kikuu cha Texas Tech kwamba mpira wake haudhoofiki katika hali hiyo. Nguvu ya namna hii naithamini, kwa sababu kocha hawezi kumfundisha mtu kuwa nayo.

Mpinzani wako, anayetetea nguvu ya mkono, atakutajia kwotabeki Josh Allen, na ana hoja nzito. Akiwa chuo kikuu cha Wyoming, Allen alikamilisha asilimia 56 tu ya pasi zake, Buffalo Bills wakamteua wa saba mwaka 2018, akaanza NFL na asilimia 52.8, kisha mwaka 2020 akafikia asilimia 69.2. Mjibu kwamba Bills walimsubiri, wakamrekebisha namna ya kurusha, na wakamletea mpokeaji hodari, Stefon Diggs. Kisha muulize kama timu mnayoijadili ina subira hiyo.

Hatua ya mwisho, chora safu tatu kwenye karatasi: mpira uliofika kwa wakati, uliochelewa kwa sababu ya mkono, na uliochelewa kwa sababu ya uamuzi. Safu ya pili ikiwa ndefu, mwache. Ya tatu ikiwa ndefu, mshushe raundi moja au mbili, hata kama mkono wake unasifiwa nchi nzima.