Basi la mwisho ni saa ngapi?

Haya kaeni basi, wale wa nyuma sogeeni mbele, pilau haikimbii. Wanaonijua wanajua nitasema nini, namuona mtu anacheka pale, cheka tu, mwaka jana si wewe ulinipigia saa sita usiku nije nikuchukue?

Nimeambiwa niongee na mliofika Minnesota juzi juzi, mada ni kuchagua mtaa wa kukaa. Mambo ya viza na sosho, ile namba yenu ya utambulisho ya serikali, nayaruka, mmeshachoka nayo. Mimi nina swali moja tu, namuuliza kila anayenionyesha picha ya apatimenti: basi la mwisho linapita saa ngapi? Sijauliza vyumba vingapi, sijauliza kama kuna jimu. Basi la mwisho. Na Jumapili je?

Nilifika Agosti 2018. Agosti, sikieni vizuri, maana nusu yenu mmefika Agosti pia na mnachagua nyumba mkiwa na kandambili. Binamu yangu alinitafutia kitongoji kule kaskazini magharibi, sikitaji jina, kuna mkazi wake yumo humu ndani. Kodi nafuu, swiming puli ipo, mabata wanatembea uani, nikapiga picha nikatuma kwenye grupu la familia, mama akasema mwanangu umefika peponi. Nikasaini lizi, yaani mkataba wa kupanga, ya mwaka mzima. Hakuna aliyeniambia kwamba basi la pale asubuhi linaenda downtown, jioni linarudi, Jumatatu mpaka Ijumaa, limeisha, ni la watu wa ofisini. Mimi kazi nimepata nasingi homu, nyumba ya kutunzia wazee, Chicago Avenue, kusini mwa Minneapolis, shifti ya saa tisa mchana mpaka saa tano usiku. Yaani basi likienda mimi nimelala, likirudi mimi namgeuza mzee wa watu kitandani.

Usiku nilikuwa napanda basi namba 5 mpaka Brooklyn Center, kitongoji cha kaskazini mwa Minneapolis, kutoka hapo hola, hakuna basi. Kulikuwa na mama mmoja wa Liberia tunafanya naye kazi, Mungu ambariki, alikuwa ananipeleka na gari lake mpaka nyumbani, mimi nachangia mafuta na kusikiliza mahubiri ya redio mwanzo mwisho. Akienda likizo nimekwisha, naita gari kwa simu, safari moja inakula karibu masaa mawili ya mshahara.

Ikaja tarehe 30 Januari 2019. Mliokuwepo mnaijua. Nyuzi 33 chini ya sifuri, selsiasi hizo, posta yenyewe ikasimamisha kupeleka barua. Posta! Lakini wazee hawasimamishwi, lazima wale, lazima wageuzwe, na yule mama siku hiyo hakuwa zamu. Nimeshuka Brooklyn Center, naita gari dereva anakansel, naita la pili anakansel, nikipepesa macho kope zinashikana, nikajiuliza hivi wale mabata wako wapi sasa hivi? Walishaondoka kitambo. Bata ameona mbali, mimi nimebaki na lizi.

Najua kuna mtu anasema moyoni, mimi nitanunua gari. Nunua. Leseni kwanza, halafu bima, na bima wanaangalia hata zipu kodi unayolala. Halafu hilo gari lako la dola elfu mbili kwenye baridi ile linakohoa mara moja linakata roho. Na likiwaka, theluji ikimwagika sana mji unatangaza dharura ya siku tatu, siku ya kwanza huruhusiwi kupaki barabara kuu, ya pili upande wa nyumba za namba shufwa, ya tatu upande wa witiri, na aliyesahau hesabu za shule ya msingi anatoka asubuhi anakuta gari limevutwa, akalikomboe. Kwa hiyo hata mwenye gari aniulize basi.

Lizi ilipoisha nikahamia hukohuko Chicago Avenue, chumba kimoja, puli hakuna. Mama akatangazia Tabata nzima kwamba nimehamia Chicago, mpaka leo nimeshindwa kumrekebisha. Namba 5 ilikuwa inapita mlangoni, tangu Desemba 2022 ndio D Line, basi la haraka, inatoka Brooklyn Center mpaka Mall of America.

Hapo ndio mnarukia usalama. Mei 2020 George Floyd aliuawa na polisi kona ya Chicago Avenue na mtaa wa 38, mimi nakaa mitaa michache tu kutoka pale, simu za Bongo usiku kucha, hama, hama. Ghasia zikazuka, mabasi yakasimama siku kadhaa. Nikatembea kwenda kazini, nusu saa nimefika. Ningekuwa bado kule kwa mabata ningefikaje? Sisemi hakuna wezi. Ila anayekwambia North, yaani kaskazini mwa Minneapolis, yote mbaya muulize kona gani, mtaa gani, maana hapa ni kama Masaki na Msasani uswahilini, unavuka barabara tu mambo yamebadilika. Nenda mwenyewe, mchana na usiku.

Kukaa na watu wetu? Brooklyn Park, jirani na Brooklyn Center, Wakenya wamejaa, utapata unga, utapata wa kukushikia mtoto. Kwa mwenye watoto wadogo hilo linaweza kushinda hata basi, hapo nakubali, mke wangu ameshanishinda kwenye hoja hiyo. Lakini kama ni unga tu, unga unanunua mara moja kwa mwezi, kazini unaenda mara tano kwa wiki.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka haraka. Shule: uliza anuani kamili ni ya wilaya gani ya shule kabla hujasaini, Brooklyn Park peke yake imegawanyika wilaya zaidi ya moja. Hita: nani analipa, wewe au mwenye nyumba? Dipoziti: ukihama ukamwachia anuani mpya, sheria ya Minnesota inampa wiki tatu akurudishie au akuandikie kwa nini anaikata. Nyumba hujaiona usitume hela, hata kama anayeitangaza anamtaja Yesu. Kredit, yaani rekodi yako ya kulipa madeni, sijaigusa, tutafanya siku nyingine.

Leo saa tano na robo usiku nitakuwa kituoni Brooklyn Center, anayetaka aje tuhesabu mabasi. Wenye jaketi tu, wewe wa kandambili baki na pilau.