Kufunga mein beringi za krenki, injini ya 3L

Asalaam aleikum jamani, karibuni tena gereji yetu ya Malindi. Leo tuna injini ya Toyota Hiace iitwayo 3L, dizeli, mein tano, yaani beringi tano zinazobeba krenki. Bloku ishaoshwa, njia za oili zishapulizwa, krenki imerudi kusagwa, hayo mwayajua siyarudii. Mlango nimeufunga, joto jingi lakini kusi yavuma leo na mchanga ukiingia hapa kazi yote bure.

Geuza beringi usome namba nyuma, krenki ikisagwa milimita 0.25 na beringi iwe 0.25, si standadi, ile ya krenki isiyosagwa.

Haya, hapa nisikizeni. Nusu yenye mfereji na kitundu ni ya bloku, ile isiyo na kitundu ni ya kepu, kifuniko kinachoishika krenki. Ukizibadilisha oili haifiki kwa krenki na injini yashika. Kitundu kitazamane na kitundu, ulimi uingie kwa pengo lake. Halafu nyuma ya beringi KAVU, usitie oili wala grisi, beringi yatoa joto lake kupitia nyuma ikigusana na bloku. Oili ni upande wa krenki tu. Nyuma kavu, nasema tena, kavu!

Ngoja ngoja, leta kamera. Mwaona huo uzi? Umetoka kwa kitambaa. Toa beringi, futa, rudisha. Huo ukibaki chini beringi yainuka hapo na nafasi ya oili yaisha. Mimi napenda kufuta na kidole kikavu mwishoni, kidole chasikia kuliko macho.

Sasa plastigeji, ule uzi laini wa plastiki wa kupimia nafasi ya oili. Usitie oili bado, laza kipande juu ya jonali, pale krenki inapokaa kwa beringi, funga kepu kwa toki kamili, yaani nguvu ya kukaza, na krenki ISIZUNGUKE hata kidogo, ikizunguka kipimo ni uongo. Fungua, pima upana wa huo uzi uliobanwa, linganisha na kitabu cha injini. Sawa? Safisha yote, sasa ndio tia oili.

Trast wosha, zile zinazozuia krenki isiende mbele na nyuma, mifereji itazame krenki. Kepu fuata namba, mshale mbele. Anza katikati ukienda nje, kaza kidogo kidogo mpaka 103 Nm, na kila kepu ukimaliza zungusha krenki kwa mkono. Ikigoma baada ya kepu fulani, hiyo hiyo ndio ufungue, usilazimishe na bomba.

Seti za 3L ninazo dukani, standadi, 0.25 na 0.50, ila jonali zipimwe kwa maikromita kwanza ndio uje ununue.