Nikiingia stoo kwako nageuza pakiti kwanza

Habari zenu ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Leo naongea kuhusu ukaguzi wa chakula, hasa lebo, maana watu wakisikia afisa afya anakuja wanakimbilia kupiga deki na kuua mende, sawa hivyo navyo tunaangalia, ila mimi nikiingia stoo cha kwanza nageuza pakiti.

Nageuza halafu napitisha kidole gumba juu ya tarehe. Nikigusa kaukingo najua hapo kuna stika juu ya stika, nabandua taratibu kwa ukucha, chini nakuta tarehe ya zamani, imeshapita miezi. Hapo hata maabara siendi. Na jamani tusichanganye tarehe, ile ya mwisho wa kutumia ni ya usalama, ikipita usile hata kama chakula hakinuki, kwa sababu kuna vijidudu kama listeria vinazaliana humohumo kwenye friji bila harufu yoyote. Ile ya "bora kabla ya" ni ya ubora, ladha inaweza kupungua tu. Kuna wanaomwaga mali nzima kwa kutojua hili na kuna wanaouza hatari kwa kutojua hilohilo, inaniuma kweli.

Friji yenyewe siamini namba ya pale mlangoni, kipimajoto changu nakibana katikati ya pakiti mbili nasubiri, kikisoma zaidi ya nyuzi 5 za Selsiasi tunaongea.

Viambato vinaandikwa kwa uzito, kilichozidi ndio kinatangulia. Sio mimi nimebuni, ni Codex, ile tume ya viwango vya chakula iliyoanzishwa na FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, mwaka 1963. Na karanga, maziwa, mayai visifichwe, mwenye aleji chembe tu inaweza kumfunga pumzi.

Sasa hapa naomba mnisikilize. Mwaka 2008 kule China kuna maziwa yaliongezwa maji, halafu ili yaonekane bado yana protini wakatia melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, maana kipimo kilichokuwa kinatumika kinahesabu nitrojeni, hakioni protini yenyewe, na melamini imejaa nitrojeni. Kwa hiyo kwenye karatasi kila kitu safi, kumbe figo za watoto zinajaa mawe. Watoto wachanga 6 walikufa na karibu 300,000 waliugua. Ndio maana tunachukua sampuli hata kama lebo imenyooka, na ndio maana nang'ang'ania bechi namba, yaani namba ya mzigo uliotengenezwa pamoja, kale kamstari kadogo hakuna anayekasoma, lakini likitokea la kutokea ndiko kanakotuambia tutoe mzigo upi madukani leo hii, bila hako tunatoa wote au tunabaki kubahatisha huku watu wanakula.

Haya, pakiti hizi hapa mezani nimezileta makusudi, kuna nzima na kuna zilizochezewa. Njoeni wawiliwawili mzigeuze, anzeni kutafuta bechi, ukiikosa niite.