Mkono Hauinuliwi na Msuli Mmoja

Ndugu walimu wa michezo, na ninyi wanafunzi wa tiba ya viungo, kabla sijaendelea naomba kila mmoja wenu, kwa ridhaa ya jirani yake, aweke kiganja juu ya kombe la bega la jirani huyo, naye auinue mkono polepole kupitia ubavuni hadi usawa wa sikio. Mwanzoni mfupa ule bapa umetulia. Mkono ukishapanda kidogo, utauhisi ukizunguka, ncha yake ya chini ikielekea kwapani.

Mwaka 1944 mtafiti Inman na wenzake walieleza kwamba katika nyuzi 180 za kuinua mkono, takriban 120 hutoka katika kiungo cha bega chenyewe na 60 hutokana na kuzunguka kwa kombe juu ya mbavu. Vipimo vya baadaye vimeonyesha kuwa uwiano huo hutofautiana baina ya mtu na mtu, lakini ushirikiano wenyewe haukwepeki.

Kichwa cha mfupa wa mkono kimeegemea kitako cha kombe chenye kina kifupi mno, mithili ya chungwa juu ya kisahani. Deltoidi, msuli mnene unaolipa bega umbo lake, ukivuta peke yake mkono ungali ubavuni, hukipandisha kichwa hicho kuelekea mfupa ulio juu yake badala ya kukizungusha. Kinachokizuia ni misuli minne midogo, yaani suprasipinatusi, infrasipinatusi, teresi ndogo na subskapulari, ambayo kano zake zimekikumbatia: zinakikandamiza kitakoni, na zile za chini hukivuta chini wakati deltoidi inakivuta juu. Bado inafundishwa kwamba suprasipinatusi huanzisha mwendo kisha deltoidi ikapokea. Vipimo vya umeme wa misuli vinaonyesha kuwa huanza pamoja, na naona wakati umefika wa kuliacha fundisho hilo.

Kombe nalo huzungushwa kama usukani ulioshikwa kwa mikono miwili: nyuzi za juu za trapezi, msuli mpana wa shingo na mgongo wa juu, huvuta huku, za chini huvuta kule, na serratusi, msuli ulioshikamana na mbavu, huivuta ncha ya chini mbele.

Mtazameni fundi anayepaka rangi dari tangu asubuhi. Ifikapo alasiri, bega lake hupanda kuelekea shingoni kabla mkono haujainuka, kwa sababu trapezi ya juu inabeba kazi ya wenzake waliochoka. Kumwambia mtu huyo anyanyue vyuma ili deltoidi inenepe ni kumwongezea maumivu. Mimi huanzia mgongoni: namwomba avue shati, nasimama nyuma yake, natazama makombe yote mawili akiinua mikono, kisha natazama kwa makini zaidi anapoishusha, maana hapo ndipo kombe lililokosa mshikilizi huchomoza kwa ghafla.