Madoadoa ya leza, uchafu uliogeuka rula

Haya jamani, aliye karibu na swichi atuzimie taa. Asante. Hii ni leza pointa ya kawaida tu, nimeiwekea lenzi mbele ili mwanga utawanyike pale ukutani, na mnaona hautulii, umejaa vidoadoa kama mchanga unaometameta. Sasa cheza kichwa taratibu kulia, kushoto. Vinatembea eh? Mwenye miwani aivue: vikikimbia kinyume na kichwa chako basi vitu vya mbali huvioni vizuri, na hapo sijakuchaji hela ya vipimo.

Vidoa vyenyewe havijachorwa ukutani. Ukuta una mabonde na vilima vikubwa kuliko urefu wa wimbi la mwanga, kwa hiyo kila nukta inarudisha wimbi lake, yakikutana jichoni mengine yanaongezana mengine yanauana, ndo unapata cheupe na cheusi. Watu wa holografia (picha za leza zinazoonekana kama kitu chenyewe, na kina chake) miaka ya 60 walivichukia kwelikweli, viliwaharibia picha, mpaka watu wakashtuka kwamba ukikisogeza kitu, vidoa navyo vinasogea nacho.

Basi ukitaka kupima chuma kimesogea kiasi gani, unapiga picha mbili kwenye filamu ileile, moja kabla ya kukivuta chuma, nyingine baada. Filamu ikishasafishwa unapitisha leza nyembamba katikati yake na kwenye skrini inatokea mistari, mweupe mweusi mweupe mweusi, imekata mwelekeo wa msogeo kwa pembe mraba. Kwa leza nyekundu ya nanomita 633 na skrini iko mita 1, kama picha ina ukubwa sawa na kitu, msogeo wa mikroni 50 (unywele ni mnene kuliko hapo!) unakupa mistari iliyoachana kama milimita 13, unapima kwa rula ya mtoto wa shule. Mimi mara ya kwanza nilipata mistari safi nikashangilia, kumbe chuma hakijasogea, mtu kaegemea meza.

Msogeo ukiwa mdogo kuliko kidoa chenyewe njia hii inagoma. Hapo unachanganya na mwanga wa pili wa kulinganishia, mambo ya mtafiti Leendertz 1970 kule Uingereza, halafu mwaka uliofuata yeye na mwenzake Butters wakaingiza kamera ya TV. Kwa kitu kinachosogea kuja kwako, kila mstari ni msogeo wa nusu urefu wa wimbi, kama nanomita 316.

Ndo njia hii hapa mezani. Kaka wa shati jeupe, njoo ukibonyeze hiki kibati katikati kwa kidole, polepole. Mnaona zile duara zinavyozaliwa kwenye skrini? Meza usiiguse tu.