Jicho la Patipati

Habari za jioni. Naomba taa za mbele zizimwe, na picha ya kwanza ije.

Haya. Mnaona nini? Doa jeusi lenye miguu, juu ya sakafu ya simiti. Hiyo ndiyo picha yangu ya kwanza ya buibui. Niliipigia jikoni kwangu South B, na huja nayo kila nikialikwa kuzungumza, ili nijiaibishe mwenyewe kabla hamjaniaibisha. Kasoro yake si ukungu. Picha ni kali, vinyweleo vya miguu vinahesabika. Kasoro ni mahali niliposimama. Nilisimama wima, nikainamisha kamera, nikamtazama mgongoni. Ndivyo patipati inavyomtazama buibui kabla ya kumshukia. Picha za namna hii mimi naziita jicho la patipati, na nyingi mnazotumiana kwenye simu ni za ukoo huo.

Picha ya pili.

Mmecheka, nimewasikia. Jiko ni lile lile, sakafu ni ile ile, na buibui ni wa aina ile ile. Ila safari hii nimelala kifudifudi, kidevu kimegusa simiti, na lenzi iko usawa wa macho yake. Huyu ni buibui mrukaji, ana urefu wa milimita 5, punje ya mchele inamshinda. Ana macho 8, lakini mawili ya katikati mbele ndiyo mnayoyaona yamejaa uso mzima kama taa za matatu usiku. Nyuma ya kila moja kuna mrija mrefu. Lenzi ya jicho haisogei, kinachosogea ni ile sehemu ya nyuma inayopokea picha, inayovutwa na misuli midogo. Kwa hiyo katika picha tatu za mfululizo jicho lile lile laweza kuonekana la kahawia, kisha limechanganyika, kisha jeusi tititi. Likiwa jeusi tititi, anakutazama wewe. Bonyeza hapo hapo.

Na atakutazama. Hilo ndilo linalomfanya awe mwalimu mzuri wa kuanzia. Buibui wengi wakikuona hukimbia au hujifanya wamekufa. Mrukaji anageuka kukukabili, anainua kichwa, anakupima. Pengine ataruka juu ya lenzi. Ikitokea, msitupe kamera.

Sasa vifaa, nipite haraka, maana najua wengine mmekuja kwa ajili hiyo tu. Lenzi ya makro, ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ya milimita 100, inayokupa ukubwa wa moja kwa moja, yaani mnyama anatua ndani ya kamera kwa urefu wake halisi, ni nzuri, lakini fanyeni hesabu. Kihisi kikubwa cha kamera, ile sehemu inayopokea picha, kina upana wa milimita 36. Kwa ukubwa wa moja kwa moja, buibui wa milimita 5 anachukua sehemu moja ya saba ya upana huo. Zilizobaki ni sakafu. Kumkuza vya kutosha kwenye picha kunataka ukubwa wa mara mbili au tatu, na hapo utahitaji kikuza cha kubandika mbele ya lenzi, au mirija ya kurefushia kati ya lenzi na kamera, au ile njia yetu ya watu wa mtumba: chukua lenzi kuukuu ya milimita 50, igeuze mbele nyuma, ifunge kwa pete yake. Kuna picha nne mtakazoziona leo zilizopigwa hivyo, na sitawaambia ni zipi. Mwenye simu naye anunue kikuza cha kubana. Kihisi cha simu ni kidogo, jambo ambalo kwa wanyama wadogo ni faida, kwa sababu sehemu kubwa zaidi ya mwili huonekana kwa ukali.

Ukali ndio ugomvi wetu wote. Kwa kihisi kikubwa, ukubwa wa moja kwa moja, tundu la lenzi likiwa f/11 (namba ikikua, tundu linazidi kubanwa), kinachoonekana kwa ukali ni kama milimita moja na kidogo. Ukienda mara mbili kwa f/8, unabaki na theluthi ya milimita. Jicho liko kali, pua ingekuwepo ingekuwa ukungu. Utasema, basi nibane tundu hadi f/22. Bana uone: picha nzima inalegea kama ugali wa maji mengi, maana kwa ukaribu huo hata f/11 inafanya kazi kama f/22 tayari. Wako wanaopiga picha 20 au 30, kila moja mbele kidogo ya mwenzake, kisha wanaziunganisha kwenye kompyuta. Mimi hufanya hivyo nikimkuta buibui aliyetulia kwa baridi. Siku nyingine zote nachagua macho mawili ya mbele, na mengine yaende yanakotaka.

Mikono ikitetemeka, je? Shika tawi kwa mkono wa kushoto, kisha egemeza lenzi juu ya mkono huo huo. Tawi likiyumba na upepo, kamera inayumba nalo. Usizungushe pete ya lenzi. Sogeza mwili wako mbele pole pole, kama mtu anayenusa sufuria ya jirani. Flashi iwekwe nguvu ndogo, kwa sababu mwako mdogo hudumu kitu kama 1/10,000 ya sekunde, na huo ndio unaogandisha tukio. Lakini flashi tupu kwenye mgongo unaong'aa huacha doa jeupe la kutisha. Nilikata mtungi mweupe wa maziwa, nikaubandika mbele ya taa, nikaweka foili ndani. Unachekesha ukiutazama, ila mwanga wake ni laini kama wa Nairobi mwezi wa Julai, mawingu yakiwa yamefunika mji kutwa.

Nitulie kidogo hapo kwenye Julai, maana ndiyo siri yangu. Watu hungoja jua ndipo watoke. Mimi natoka saa kumi na moja alfajiri, baridi ikiuma, kwa sababu buibui hana joto la mwili la kwake. Akipoa anakuwa mzito, nawe unapata dakika kumi badala ya sekunde mbili. Zaidi ya hayo, giza la alfajiri lina zawadi. Chukueni tochi, muiweke kando ya jicho, kwenye paji la uso, mmulike nyasi. Mtaona vitone vya kijani vinametameta. Mtadhani ni umande. Ukisogea, umande unabadilika, hivi vinabaki vinawatazama. Ni macho ya buibui wawindaji wa ardhini, wasiofuma utando wa kutegea, ambao ndani ya macho yao mna tabaka linalorudisha mwanga kama la paka. Fuateni kitone kimoja. Nilikifuata kimoja hivyo, nikakuta mama amebeba watoto mgongoni, wamepandana kama abiria wa Ijumaa jioni. Picha hiyo hapo.

Asubuhi hiyo hiyo nusura nishikwe. Niko chini ya ua wa majirani, tochi kichwani, askari wa geti akanisimamia. "Unatafuta nini hapo?" Nikamwambia, "Buibui." Akanyamaza. Kisha akauliza kwa huruma kabisa: "Limepeperuka kutoka kwenye kamba? La mama?" Nikamwambia, "Si hilo, mzee. Ni huyu." Akainama, akamwona yule mama na wanawe kwenye kioo cha kamera, akakaa kitako kwenye nyasi na rungu lake. Siku hizi ndiye anayenipigia simu: "Yule wako wa kwenye mchongoma ametaga."

Ndio, dada pale nyuma. Sauti kidogo. Anasema mtoto wake alikojolewa na buibui usiku, akaamka na malengelenge shingoni, na bado nawasifu.

Dada, pole sana, na mtoto aonwe na daktari, mimi ni mpiga picha tu. Lakini malengelenge kama hayo, hasa baada ya mvua nyingi, mara nyingi ni kazi ya yule mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, anayetangaza jina la mji wetu duniani kwa ubaya. Wanamwita nzi wa Nairobi, naye ni mbawakawa. Haumi wala hachomi. Damu yake ina sumu, pederini, na inakufikia pale unapomponda kwenye ngozi yako. Kwa hiyo anayetua shingoni, mpulize. Ukimpiga kofi umejipaka mwenyewe.

Buibui nao karibu wote wana sumu ya kuulia mawindo, na wengi hawawezi kututoboa ngozi. Yule wa kahawia mwenye alama ya rangi ya chungwa tumboni, yenye umbo la saa ya mchanga, msimchezee. Mimi simgusi yeyote. Simtii kwenye friji apoe, simhamishii kwenye ua zuri zaidi, simnyunyizii unga kwenye utando. Bibi yangu, Mombasa, hakuruhusu buibui auawe nyumbani, kwa ajili ya ile habari ya pangoni, ya utando uliomficha Mtume. Mimi nimeongeza tu kwamba asisumbuliwe.

Nimalizie kwa huyu mwenye uso mwekundu. Huyu sikumpata Nairobi, nilimfuata Mbita, kando ya Ziwa Victoria. Evarcha culicivora, mrukaji mwingine wa milimita 5 hivi, alipewa jina mwaka 2003. Watafiti wa icipe, kile kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu chenye makao makuu hapa Kasarani, wamemchunguza kwa miaka. Anapenda damu ya wanyama kama sisi, na hana meno ya kututoboa, basi anamvizia mbu jike aliyekwisha kunywa. Anamjua Anopheles, mbu wa malaria, kwa namna anavyokaa, nyuma juu. Na katika majaribio alivutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa. Nilipiga picha hii nikiwa nimelala kando ya ukuta wa nyumba ya mwenyeji wangu, viatu nimevua.

Taa zinaweza kuwashwa. Kuna tochi sita pale mezani na bustani nyuma ya ukumbi, na nimeomba tufunguliwe mlango. Tugawane tochi moja kwa watu wanne. Mwenye suruali nzuri abaki mwisho.